Jina la Mtu mbele ya Mungu na mbele ya Watu: Habari za Majina katika Birere

Katika Birere mtu mmoja huwa na majina matatu au mane, na kila jina lina watu wake na saa yake. Mama auzaye unga wa muhogo huitwa na wanunuzi Mama Furaha, kwa sababu mtoto wake wa kwanza ni Furaha. Nyumbani kwao, baba yake mzee humwita Kavira, jina ambalo Wanande humpa msichana kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Katika buku la ubatizo ameandikwa Bernadeta. Kwenye karte ya uchaguzi majina yake yamepangwa kwa namna nyingine tena: jina, postnomu na prenomu. Na afikapo barriere ndogo ili avuke kwenda Gisenyi, askari husoma jina moja tu, na kwa jina hilo hudhani amekwisha kujua kabila lake, pengine hata moyo wake.

Mama huyu ana jina gani? Swali hili si la mchezo. Sisi mapadri na wakatekista tunakutana nalo kila mara tunapofungua buku la ubatizo na kushika kalamu. Kuna wazazi wanaodhani ya kuwa jina la wababu halifai kuingia kanisani. Kuna wengine wanaodhani ya kuwa jina la mtakatifu ni alama ya utumwa wa Wazungu. Na kuna wengi, hasa katika muji wa Goma, wanaoficha jina la jamaa yao kwa hofu. Basi tumeona vema kueleza habari za majina pande hizi, toka wababu mpaka siku zetu, ili kila mmoja wetu ajue amepokea nini na atoe nini.

1. Birere, makutano ya majina

Goma imejengwa kando ya ziwa Kivu, katika inchi ya Bakumu, juu ya mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto. Mpaka unaopita hapo ulikatwa mwaka 1910, Wabelgiji, Wadachi na Waingereza walipopatana huko Brussels. Wenyeji hawakuulizwa. Kwa hiyo jamaa moja ilijikuta upande huu na upande ule, na Birere, iliyo karibu kabisa na mpaka, ikawa mahali pa kupita, pa kuuza na kununua, pa kulala usiku mmoja na mara nyingi pa kukaa maisha yote. Humo utakuta Wanande, Wahunde, Wahutu, Watutsi, Washi, Wahavu, Warega na Watembo. Lugha inayowakusanya ni Kiswahili.

Neno birere lenyewe ni la vitu vinyonge. Kwa Kinyarwanda ibirere ni majani makavu ya mgomba, yale ambayo maskini huezekea kibanda, na wenyeji hulifasiria jina la kartie kwa vibanda vile vya zamani. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka ndani ya muji, ukapita katikati yake, ukateketeza maduka na nyumba nyingi sana, hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu walikimbia, kisha walirudi, wakajenga juu ya mawe mapya, wakaita mahali pao kwa jina lilelile. Vibanda vya majani vilikwisha zamani, na nyumba za mabati ziliungua, lakini jina halikuungua. Hivi ndivyo lilivyo jina: nyumba huanguka, wenye nyumba hufa, na jina hubaki kinywani mwa watu.

2. Jina kwa wababu wetu

Wababu hawakutoa jina ovyo. Kila kabila lilikuwa na njia yake, na njia hizo zingaliko.

Kwa Wanande, jina la kwanza huonyesha nafasi ya mtoto katika tumbo la mama yake. Mvulana wa kwanza huitwa Paluku, Mumbere au Nzanzu, kadiri ya hali ya kuzaliwa kwake. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana mpango wao: Masika, Kasoki, Kavira, Kavugho, Kahambu, Katungu. Ukisikia jina, umejua ya kuwa mtu huyu ana wakubwa wangapi wa kuheshimu na wadogo wa kulinda. Mtoto hajui bado kusema, na tayari jina limemweka mahali pake katika jamaa. Lakini kwa kuwa Kambale ni wengi mno, jina hilo peke yake halitoshi. Huongezwa la pili, la mtu mwenyewe.

Kwa wasemao Kinyarwanda, mtoto hupewa jina siku ya nane. Watoto wa jirani huitwa kulima kidogo na kula pamoja, kisha kila mmoja hutaja jina ambalo angependa mdogo wao aitwe. Mwishoni baba ndiye anayetoa jina lenyewe. Mengi ya majina haya humtaja Mungu kwa wazi: Habimana, yaani Mungu yuko; Bizimana, yaani Mungu ndiye ajuaye; Hakizimana, yaani Mungu ndiye aokoaye; Nshimiyimana, yaani namshukuru Mungu; Nsengiyumva, yaani namwomba yeye asikiaye. Kwa Washi vilevile: Mugisho ni baraka, Murhula ni amani, Akonkwa ni kumwambia Mungu ashukuriwe.

Yalikuwako pia majina ya huzuni na ya hofu. Mama aliyezika watoto wengi alimpa yule aliyesalia jina la kudharauliwa, jina la kitu kinachotupwa, ili kifo kimpite bila kumtazama. Mtu aliyeonewa na majirani alimwita mtoto wake kwa neno la kuwajibu, na kila walipomwita mtoto walisikia lawama yao. Na wale walioingia katika ibada ya Lyangombe walipewa jina jingine, jina la mzimu, na kwa jina hilo walihesabiwa kuwa watu wapya.

Tukitazama vema, tunaona mambo matatu. Kwanza, jina lilimfunga mtoto kwa jamaa yake. Pili, lilikuwa neno lililosemwa kwa Mungu, shukrani au maombi. Tatu, lilikuwa neno lililosemwa kwa majirani. Mtoto alichukua maneno hayo mwilini mwake maisha yake yote, bila kuulizwa. Kwa hiyo wababu walisema polepole walipotoa jina.

3. Jina katika Maandiko na katika Eklezya

Taifa la Israeli lilijua mambo hayohayo. Abramu aliitwa Abrahamu Mungu alipofanya naye agano (Mwanzo 17). Yakobo alishindana usiku kucha, na asubuhi akapewa jina Israeli (Mwanzo 32). Bwana wetu alimwita Simoni jina la Petro, akamkabidhi kazi (Matayo 16). Tukumbuke pia nyumba ya Zakaria: majirani na ndugu walitaka mtoto aitwe kwa jina la baba yake, kama desturi ilivyotaka, Elisabeti akakataa, na baba aliyekuwa bubu akaomba kibao akaandika Yohane (Luka 1). Yezu mwenyewe alipewa jina siku ya nane (Luka 2, 21), kama watoto wa Kinyarwanda. Na jina Yezu maana yake ni Mungu anaokoa. Nani asiyeona ya kuwa Hakizimana husema jambo lilelile? Mkatekista anayemwambia baba ya kuwa Hakizimana ni jina la kipagani hajafasiria jina la Mkombozi wake.

Wakristu wa kwanza hawakuharakisha kubadili majina. Wengi walibaki na majina ya Kiyunani au ya Kiroma ambayo wazazi wao wapagani waliwapa, hata yale yaliyotokana na miungu. Dionisyo ni jina litokalo kwa Dionisos, mungu wa divai. Askofu mtakatifu wa Aleksandria aliitwa hivyo, na Papa mmoja vilevile. Martino hutokana na Mars, mungu wa vita. Papa Hormisda, aliyeongoza Eklezya toka mwaka 514 mpaka 523, alikuwa na jina la mungu wa Waajemi, naye ni mtakatifu. Ni kweli kwamba padri Merkuryo, alipochaguliwa kuwa Papa mwaka 533, aliona si vizuri Papa kuitwa jina la sanamu ya Kiroma, akajiita Yohane II. Hivyo njia zote mbili zilijulikana: kuacha jina la zamani, au kulitakasa kwa maisha matakatifu.

Baadaye Eklezya iliweka mpango. Katekismu ya Roma ya mwaka 1566 ilishauri mbatizwa apewe jina la mtakatifu, ili awe na mfano wa kufuata na mwombezi mbinguni. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1917, katika kanuni 761, iliwataka maparoko waangalie ya kuwa mbatizwa anapewa jina la Kikristu. Na kama hawawezi kulipata kwa wazazi, waongeze wenyewe jina la mtakatifu juu ya lile lililochaguliwa na wazazi, na kuandika yote mawili katika buku. Tusome vizuri: waongeze, waandike yote mawili. Hapakuwa na amri ya kufuta. Na Sheria mpya ya mwaka 1983, katika kanuni 855, yasema tu ya kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristu. Basi jina la Kinande, la Kishi au la Kihunde lenye maana njema halina kizuizi chochote mlangoni mwa kanisa.

4. Majina yaliyoletwa na misioni

Mapadri Weupe, ambao Kardinali Lavigerie aliwaunga mwaka 1868 huko Algeria, walileta Kivu ukatekumeni mrefu wa miaka mine. Kwa mtu aliyengoja miaka hiyo yote, siku ya ubatizo ilikuwa siku ya kuzaliwa kweli, na jina jipya lilikuwa alama yake. Wazee waliobatizwa wakiwa wakubwa walijua mtakatifu wao ni nani, walishika sikukuu yake, walivaa medali yake. Jina lilikuwa na nguvu.

Tena jina la mtakatifu lilifanya jambo ambalo majina ya kabila hayakuweza. Petro Mnande, Petro Mshi na Petro Mhutu walijikuta na mwombezi mmoja. Katika kartie kama Birere, ambamo kila jina hutangaza mahali mtu alipotoka, jina la ubatizo lilitangaza mahali watu wote wanapokwenda.

Lakini kulikuwa pia na hasara, nayo haikutoka katika sheria ya Eklezya. Katika vinywa vya watu jina la ubatizo likageuka kuwa jina la Kizungu, jina la masomo na la kazi ya Leta, na jina la wababu likaitwa jina la kishenzi. Kijana aliyejua kusoma aliona haya kuitwa Paluku mbele ya wenzake. Watakatifu nao wakasahauliwa: mtu aliitwa Floribert au Ildefonse kwa kuwa jina lilisikika vizuri, wala hakujua mtakatifu huyo aliishi wapi. Hapo jina lilipoteza pande zote mbili. Halikumfunga mtoto kwa jamaa yake, wala halikumfunga kwa mtakatifu.

5. Mwaka 1972

Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi yetu iliitwa Zaire. Tarehe 5 Januari 1972 ilitoka sheria juu ya uraia, na pamoja nayo amri ya kuacha majina ya kigeni. Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga. Padri aliyembatiza mtoto Mzaire kwa jina la Kizungu alitishwa kifungo. Hata maji yalipewa majina mapya: mwaka 1973 ziwa Edward la Kivu ya Kaskazini liliitwa ziwa Idi Amin.

Mwezi huohuo wa Januari 1972, gazeti la kikatolika Afrique Chrétienne liliandika kupinga mambo hayo, na Leta ikalifunga. Kardinali Joseph-Albert Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alifukuzwa nyumbani mwake, akaenda Roma, akarudi mwaka uleule. Leta ilitaka hata vijana wa chama, JMPR, wasimikwe ndani ya seminari. Maaskofu walikataa, na Seminari Kubwa ya Kinshasa ikafungwa. Waseminari wa leo wajue ya kuwa wakubwa wao walitoka darasani kwa habari ya nani ana haki ya kuunda moyo wa padri, na habari ya majina ilikuwa sehemu ya vita hiyo.

Watu walifanya nini? Walitii kwa kalamu. Mtu aliyeitwa Yosefu Kambale aliandika Kambale, na kwa kuwa jina moja halikutosha, akaongeza jina la babu yake. Ndipo postnomu ilipozaliwa, nayo ingaliko hata leo. Nyumbani mama aliendelea kumwita Yosefu. Padri alibatiza kama zamani, na jina la mtakatifu likakaa ndani ya nyumba, kama moto chini ya majivu. Sheria ya majina ya mwaka 1973 na Kode ya Jamaa ya mwaka 1987 zilidai jina litolewe katika urithi wa inchi. Lakini mwezi wa Aprili 1990 Mobutu alipotangaza ya kwamba vyama vingi vinaruhusiwa, majina ya ubatizo yalirudi wazi mchana, wala hakuna aliyeshangaa, kwa maana hayakuwa yamekwenda mbali.

Tuhukumu kwa haki. Kusema ya kuwa jina la wababu ni mali ya thamani hakukuwa uongo. Maaskofu wenyewe walitafuta njia ya kumwabudu Mungu kwa moyo wa Kiafrika, na mwaka 1988 Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, ambamo wababu wenye moyo mnyofu hukumbukwa pamoja na watakatifu. Wengi walipata tena jina la babu lililokuwa karibu kusahauliwa. Kosa lilikuwa kwamba Leta ilijifanya baba wa watu wote. Jina lililotolewa kwa amri ya askari, hata likiwa jina la babu, si tena zawadi. Na yule anayeweza kukunyang'anya jina leo aweza kukunyang'anya lile alilokupa kesho.

6. Jina wakati wa vita

Nyuma ya mwaka 1990 majaribu ya majina yakawa ya namna nyingine. Mwaka 1993 watu waliuana katika Walikale na Masisi kwa ajili ya kabila. Mwezi wa Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja toka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Vita ya 1996 ikafuata, kisha ile ya 1998. Mwezi wa Novemba 2012 M23 iliingia Goma, na mwezi wa Januari 2025 iliingia tena. Katika miaka hiyo yote kulikuwa na vizuizi njiani, na swali la kwanza kwenye kizuizi ni jina. Jina ambalo baba alilitoa kwa furaha, siku ya nane, likaweza kuwa hukumu.

Ndiyo maana wazazi wengi wa Birere huchagua majina ya Kiswahili au ya Kifaransa yasiyoonyesha kabila: Bahati, Amani, Neema, Baraka, Zawadi, Tumaini, Asifiwe, Dieudonné, Espérance. Katika majina haya kuna imani ya kweli. Amani, katika muji uliokimbiwa mara nyingi hivi, ni sala. Lakini tusifiche: mara nyingine kuna hofu pia. Baba hamwiti mtoto jina la babu yake kwa kuwa hataki mtoto afe kwa jina hilo. Hatuwezi kumlaumu. Twaweza tu kumsaidia mtoto asikue akidhani ya kuwa babu yake alikuwa aibu.

Yako pia majina ya maumivu: Mateso, Shida, Machozi, Sikujua. Je, tuyakatae? Maandiko yatupa njia. Rakeli, akiwa karibu kufa kwa kuzaa, alimwita mtoto wake Benoni, yaani mwana wa uchungu wangu. Yakobo akamwita Benyamini, yaani mwana wa mkono wa kuume (Mwanzo 35, 18). Biblia haikuficha neno la mama. Inayo majina yote mawili. Lakini baba hakutaka mtoto achukue siku zote kaburi la mama yake kama jina. Padri au mkatekista asikilize kwanza historia ya mama. Mara nyingi yeye ndiye mtu wa kwanza kuisikiliza. Kisha aweza kumshauri aweke jina la tumaini kando ya jina la uchungu.

7. Wenye Heri wawili

Eklezya ya Kongo ina Mwenye Heri ambaye majina yake ni fundisho zima. Alizaliwa mwaka 1939 pande za Wamba. Wazazi walimwita Nengapeta, maana yake mali hudanganya. Alipobatizwa aliitwa Alphonsine. Dada yake mkubwa alipompeleka masomoni, Sista aliyeandika alikosea, akaandika Anuarite, jina la yule dada, ambalo hufasiriwa: nacheka vita. Jina la kosa likabaki. Mwaka 1959 alifunga nadhiri katika shirika la Jamaa Takatifu, akaitwa Maria Klementina. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mkubwa wa askari wa Simba alimtaka kwa nguvu; akakataa, akauawa. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri katika Kinshasa, sheria ya majina ya mwaka 1973 ingali ipo. Anaitwa Maria Klementina Anuarite Nengapeta. La wazazi, la karani, la watawa, yote yamesimama pamoja, wala Mungu hakumpoteza kwa sababu ya kosa la kalamu. Alicheka vita kweli, na mali haikumdanganya.

Wa pili ni mtoto wa Goma: Floribert Bwana Chui bin Kositi, aliyezaliwa mwaka 1981. Alifanya kazi ya Leta ya kukagua bidhaa ziingiazo mpakani. Alipewa fedha ili aache vyakula vilivyoharibika vipite. Akakataa, kwa maana maskini ndio wangevila. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo. Tazameni jina lake: la kwanza ni la mtakatifu wa Ulaya, la kati ni la chui, mnyama ambaye ngozi yake huvaliwa na wakubwa wa inchi, na bin ni neno la Kiswahili kutoka Kiarabu, lionyeshalo baba. Padri wa zamani labda angetikisa kichwa mbele ya jina Bwana Chui. Leo linatamkwa altareni. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kizito, kijana Mganda aliyeuawa Namugongo mwaka 1886 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1964: jina la Kiganda tupu, ambalo watoto wa inchi nyingi hupewa sasa katika ubatizo. Jina huwa la Kikristu mtu anapolibeba kwa utakatifu.

8. Basi tufanye nini?

Kwanza, tusimdharau mzazi aletaye jina la wababu. Tumwulize maana yake, naye afurahi kutueleza. Kama maana ni chuki au tusi kwa jirani, tumfasirie kwa upole kwa nini mtoto asichukue ugomvi asioujua.

Pili, tukitoa jina la mtakatifu, tutoe na habari zake. Jina bila mtakatifu ni sauti tu. Mkatekista awe na daftari dogo la maisha ya watakatifu, na Anuarite, Bakanja, Kizito na Floribert wasikosekane humo.

Tatu, tuandike vizuri. Herufi moja iliyopotea, L mahali pa R, C mahali pa Tsh, huweza kumsumbua mtoto miaka ishirini, anapotafuta diplome, kazi, ndoa au karatasi ya safari. Katika muji ambamo nyumba za karatasi ziliungua kwa moto au ziliporwa kwa vita, mara nyingi buku la paroki ndilo ushuhuda uliobaki wa kwamba mtu fulani alizaliwa na wazazi fulani. Kwa hiyo tuandike majina yote, la jamaa na la mtakatifu, tuwasomee wazazi kwa sauti, na tutunze nakala mahali pengine.

Nne, hasa ninyi waseminari: mchunge midomo yenu msije mkapima mtu kwa jina lake. Katika seminari zetu majina ya makabila yote hukaa kwenye meza moja. Kama sisi tunaoandaliwa kuwa wachungaji tunalisikia jina la mwenzetu na kuuliza mara moja ni wa upande gani, tutawaambia nini vijana wa vizuizini? Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina (Yoane 10), na kazi ya sauti ile ni kuwatoa nje kwenda malishoni.

Katika ibada ya kubatiza watoto iliyotolewa mwaka 1969, padri huwapokea wazazi mlangoni, na neno la kwanza analowauliza ni jina walilompa mtoto wao. Haulizi kabila, haulizi karte, haulizi mali. Hungoja jibu, kwa kuwa wao ndio wenye haki ya kulitoa, na Eklezya hulipokea toka vinywani mwao kabla ya kumwaga maji. Katika Birere, watu wameulizwa majina yao na askari wengi. Wakifika mlangoni petu, waone ya kuwa hapa jina huulizwa kwa kusudi jingine.